MASHAHIDI WATATU
Mas'ala ya baba mwenye watoto wengi aonyeshaye nyumba yake katika televisheni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe vyake na kuzisitiri aibu zao. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu yangu msomaji, wali upikwao nyumbani kwako, ukiwa Tanga au Bagamoyo au Dar es Salaam, huenda mpunga wake umetoka Dakawa. Dakawa iko katika mkoa wa Morogoro, wilaya ya Mvomero, kando ya njia kuu iendayo Dodoma. Ndiko alikofia Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Nchi yake ni tambarare, na maji ya mto Wami hupandishwa kwa pampu yakaingizwa katika mifereji, na kwa maji hayo mpunga hustawi. Mimi ni mtu wa pwani, na kazi yangu ni kununua mpunga huo.

Usiku mmoja wa masika gari langu liliharibika huko Dakawa. Nikasali Isha pamoja na wenyeji, kisha tukakaa katika mgahawa kunywa chai. Ukutani palikuwa na televisheni, nayo yaonyesha khabari za mtu wa Uganda, wa wilaya ya Butaleja, jina lake Musa Hasahya Kasera, ambaye mwaka 2023 khabari zake zilienea ulimwenguni. Mtu huyo ana watoto 102 kwa wake 12, na wajukuu zaidi ya 500. Hatumtaji kwa kumsengenya, kwani aliyoyasema aliyasema mwenyewe mbele ya waandishi: kwamba jambo hili mwanzo wake lilikuwa kama mzaha, na sasa limekuwa na taabu zake, kwamba ardhi yake ni ekari 2 tu, kwamba wake wawili wamemwacha kwa kuwa hakuweza kuwapa mahitaji yao, na kwamba majina ya watoto wake wengi hayakumbuki mpaka ayatazame katika daftari.

Watu walicheka. Walipofika penye daftari walicheka hata chai ikamwagika, na mimi nilicheka pamoja nao. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa amekaa karibu yangu. Watu walipotawanyika akaniambia kwa sauti ya chini: "Maalim, mimi nina wake wawili na watoto 13. Amekuja kijana mmoja kutoka mjini na kamera yake. Ataka akae nyumbani kwangu siku 7 aipige picha nyumba yangu: tuamkavyo, tugawanavyo uji, unga wa kilo ngapi hutoka kwa siku, nani hulala wapi, nani amekosa viatu vya shule. Kisha atayaonyesha hayo katika televisheni na katika intaneti. Malipo yake yatosha mbolea na gharama za maji ya msimu mzima. Je, ni halali?"

Nikamjibu upesi, kama ilivyo desturi ya mtu aliyekwisha kula: "Ndugu yangu, nyumba ni sitara. Usiiuze sitara yako."

Akanitazama kitambo, kisha akasema: "Vyema, maalim. Basi watoto wangu utawalisha wewe?"

Sikuwa na jawabu. Na jambo lililonichoma zaidi ni kuwa mtu huyu nilikuwa nikinunua mpunga wake kwa misimu mitatu. Uzito wa magunia yake nilikuwa nikiujua. Idadi ya watoto wake sikuijua hata usiku ule.

Maneno haya nimeyaandika ili nimjibu. Mimi si mufti, wala siingii katika mas'ala ya picha yenyewe, kwani hayo yana mahali pake. Ninalolitazama ni moja: baba mwenye watu wengi na mali chache, je, yafaa auze khabari za ndani ya nyumba yake ili awalishe waliomo ndani ya nyumba hiyo?

Kwanza yatupasa tujue kuwa wingi wa watoto si aibu. Mwenyezi Mungu ametukataza kuwaua watoto kwa kuogopa ufukara, na ametujulisha kuwa riziki yao na yetu iko Kwake. Walakini ahadi hiyo haimwondolei baba wajibu wake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa yamtosha mtu kuwa ni mwenye dhambi kwa kuwapoteza wale ambao chakula chao kiko juu yake. Na Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, aliufasiri mwisho wa aya ya 3 ya Suratun Nisaa kuwa maana yake ni kwamba kutosheka na mke mmoja ni karibu zaidi na kutokuwa na watu wengi wa kulisha. Na wafasiri wengi wakasema maana yake ni karibu zaidi na kutodhulumu. Ukiingia katika nyumba yenye wake wawili na sufuria moja utaona kuwa maana hizo mbili hukutana. Basi asiyeoa na apime kabla ya kuoa, na kupita wake wanne sharia haikumruhusu mtu yeyote. Ama aliyekwisha kuzaa, kumwambia leo kuwa angalizaa wachache si nasaha. Ni kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha kujitwika.

Na lugha yetu yenyewe yatukumbusha jambo hili. Neno nafaka, tulitumialo kwa mpunga na mtama, asili yake kwa Kiarabu ni matumizi ambayo mtu huwapa watu walio chini yake. Wazee wetu walipolitazama gunia hawakuona biashara tu. Waliona haki ya mke na mtoto.

La pili ni sitara. Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusiingie katika nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Akisema mtu, "Baba ametoa idhini, basi pana makosa gani?" twamjibu: Baba ni mchunga wa nyumba, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Mbuzi wake aweza kumwuza, kwani mbuzi ni mali yake. Haya ya binti yake si mali yake. Ni amana mikononi mwake. Mtoto wa miaka 5 hajui idhini ni kitu gani, na mtoto wa miaka 15 hathubutu kumkatalia babake. Na mke aliyeambiwa kuwa fedha hizi ndizo zitakazonunua mbolea, je, kunyamaza kwake ni radhi au ni dhiki? Tena njaa ya siku moja hupita ikasahauliwa. Picha yake haipiti. Yule binti atakapochumbiwa baada ya miaka 10, watu watamjua kuwa ndiye yule aliyekuwa akikomba sufuria mbele ya macho ya nchi nzima.

Wako waliotutangulia katika njia hii, nasi twaweza kuona imewafikisha wapi. Huko Marekani, katika jimbo la Arkansas, iko nyumba ya watu waitwao Duggar, mume na mke mmoja na watoto 19. Mwaka 2008 televisheni iitwayo TLC ilianza kuwaonyesha kila wiki, na kipindi chao kikaitwa kwa hesabu ya watoto, 17, kisha 18, kisha 19, kila alipozaliwa mwingine. Watu waliwatazama wapikavyo vyakula vingi kwa mara moja, wanunuavyo vitu vilivyokwisha kutumiwa ili wapunguze gharama, na wajizuiavyo na deni. Wengi wakasema: hapa pana mafundisho. Nasi hatukanushi, kwani kujizuia na deni na israfu ni jambo jema hata likifanywa na asiyekuwa Mwislamu.

Walakini mwaka 2015 ilifichuka kuwa mtoto wao wa kwanza, alipokuwa kijana, aliwafanyia uovu wasichana, na baadhi yao ni dada zake mwenyewe, na kipindi kile kikakatwa. Kisha mwaka 2023 binti yao mmoja, Jill, alitoa kitabu, akaeleza kuwa kwa miaka mingi alifanya kazi mbele ya kamera pasipo kulipwa, na mambo ya mkataba yalikuwa mkononi mwa babake.

Katika khabari hizo mna mazingatio mawili. La kwanza, kamera huonyesha sufuria, haionyeshi dhulma. Nyumba iliyoonekana na mamilioni ya watu ilikuwa na siri ambayo hakuna mtazamaji aliyeijua. Basi mtu asidhani kuwa kuianika nyumba ni kuisafisha. Wala mtu asidhani kuwa sisi tukisema sitara twakusudia kuifunika dhulma. Aliyedhulumiwa Mwenyezi Mungu amemruhusu kupaza sauti yake, na anayemziba mdomo kwa jina la sitara ni mshirika wa dhalimu. Sitara ni kuufunika udhaifu na upungufu usiomdhuru mtu. Haikuwekwa kumlinda mwovu.

La pili, mtoto akifanya kazi, ujira wake ni wa nani? Huko California watunga sheria waliliona jambo hili tangu mwaka 1939, wakaweka sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizao katika sinema; na katika jimbo la Illinois, tangu tarehe 1 Julai 2024, mzazi apataye fedha kwa kuwaonyesha watoto wake katika intaneti yampasa awawekee fungu lao. Nasi Waislamu twajua tangu zamani kuwa mali ya mtoto mdogo ni yake mwenyewe, na baba ni msimamizi tu. Basi hata anayesema kuwa jambo hili lafaa, na atujibu: katika malipo ya siku 7 zile, yule binti mwenye kukomba sufuria amewekewa nini?

Hapo labda yule ndugu wa Dakawa ataniambia: "Maalim, umekwisha kunifungia mlango wa mbele na wa nyuma. Basi mwenye dhiki afe kimya kimya?" Hasha! Dini yetu haikumwamrisha maskini kufa kimya kimya. Imemfungulia mlango mwingine.

Hindi binti Utba, mke wa Abu Sufyani, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa mumewe ni mtu bahili, hampi masurufu ya kumtosha yeye na watoto wake. Huyu alitoa siri ya nyumba yake waziwazi, wala Mtume hakumkemea. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha kwa wema. Maulamaa wakatoa katika khabari hii kuwa si kila kutaja jambo la nyumbani ni kusengenya. Lakini tazama alimwambia nani. Alimwambia mwenye uwezo wa kuiondoa taabu yake. Hakuisimulia sokoni watu wakacheka.

Na Kabisa bin Mukharik, alipokuja kuomba msaada kwa ajili ya deni alilojitwika, Mtume (s.a.w.) alimfundisha kuwa kuomba hakufai illa kwa watu wa namna tatu: mwenye kujitwika dhamana, mwenye kupatwa na msiba ulioteketeza mali yake, na mwenye kufikiwa na ufukara, hata wakashuhudia watu watatu wenye akili, katika watu wake, kwamba kweli huyu amefikiwa na ufukara. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim.

Ndugu yangu, izingatie idadi hii. Mashahidi watatu! Si elfu tatu, wala si milioni tatu. Tena wawe ni wenye akili, ili wasimfanye mzaha. Na wawe ni katika watu wake, ili wamjue, na yeye awajue, na awaonee haya nao wamwonee haya. Sharia imemtaka mwenye dhiki aifunue dhiki yake, lakini imempimia kiasi cha kuifunua. Akifunua kwa watu watatu amekwisha kupata idhini ya kuomba, na nyumba yake ingali na sitara yake. Televisheni yamtaka aifunue kwa kila mtu, mjinga na mwerevu, rafiki na adui, aliye hai leo na atakayezaliwa kesho. Na baada ya yote hayo hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye ni wajibu wake kumtendea jambo.

Akisema mtu, "Lakini watazamaji wengine huingiwa na huruma wakapeleka fedha," twasema: Kweli, na Mwenyezi Mungu atawalipa kwa nia zao. Walakini msaada huu huenda kwa aliyejionyesha zaidi, basi humfundisha maskini kuikuza taabu yake na kuipamba. Na Kurani Tukufu, katika Suratul Baqara, imetusifia maskini wa namna nyingine: wale ambao asiyewajua hudhani kuwa ni matajiri kwa vile wajizuiavyo, wala hawawang'ang'anii watu kwa kuomba. Hao hawaonekani katika televisheni kabisa. Wataonekana na nani, ikiwa macho yetu yote yako ukutani?

Sasa nimefika penye jambo zito, nalo ni hili: mashahidi hao watatu wako wapi? Maana kijana wa kamera haingii katika nyumba ambayo jirani amekwisha kuingia. Yeye huingia penye nafasi iliyoachwa wazi, na walioiacha wazi ni sisi.

Ameiacha wazi mkulima mwenye mavuno mengi. Mpunga una zaka. Ukifika nisabu, nayo katika madhehebu yetu kwa mpunga uwekwao pamoja na maganda yake ni wasaki 10, basi uliomea kwa mvua hutolewa sehemu moja katika 10, na uliomea kwa maji ya gharama, kama haya ya pampu za Dakawa, hutolewa nusu ya hiyo. Mwenye kuvuna magunia 100 kwa maji ya pampu, magunia 5 si yake. Yamekaa ghalani mwake yakingoja wenyewe. Na wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema zaka isihamishwe kutoka mahali ilipopatikana maadamu wapo wanaostahili. Basi nafaka ya mwenye watoto 13 wa Dakawa imo Dakawa, wala haikuhitaji kamera kuitafuta.

Ameiacha wazi jirani, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwusia aongeze maji katika mchuzi wake ili awape na wenziwe. Ameiacha wazi mtazamaji wa mgahawani, kwani hapana muuzaji pasipo mnunuzi, na kicheko chetu ndicho bei ya sitara ile.

Na ameiacha wazi mfanyabiashara wa pwani, naye ni mimi. Miezi ya masika, chakula kinapokwisha na mbolea yatakiwa, sisi huenda bara na fedha mkononi tukanunua mpunga ungali majani. Kutoa bei mbele na kupokea mali baadaye ni biashara ya salamu, nayo ni halali kwa masharti yake. Lakini sisi hatukutafuta masharti, tulitafuta njaa. Tulijua mwezi gani mtu hawezi kusema hapana, na mwezi huo ndio tuliokwenda. Usiku ule nilipomwambia yule ndugu asiuze sitara yake, nilisahau kuwa mimi nilikuwa wa kwanza kuinunua dhiki yake, tena kwa bei ndogo kuliko ya kijana wa kamera.

Twasoma katika tarikh kuwa Ali Zainul Abidina, mjukuu wa Sayyidna Ali, alikuwa akichukua magunia ya chakula mgongoni usiku, akiyaweka milangoni pa maskini wa Madina, wala hawajui nani aliyeyaleta. Alipokufa, waliomwosha waliona alama za magunia mgongoni mwake, na nyumba nyingi zikakosa chakula chao. Ndipo watu walipojua. Huyu aliwapa watu nafaka na sitara pamoja, kwa mkono mmoja. Nasi twaulizana kama maskini yampasa achague moja kati ya hizo mbili, na swali hilo lenyewe latosha kutuonyesha tumefika wapi.

Basi jawabu langu kwa ndugu yangu wa Dakawa ni hili: Usiuze. Watoto wako wana haki ya chakula juu yako, na wana haki ya sitara juu yako, na haki moja hailipwi kwa kuivunja nyingine. Lakini usinyamaze. Waite watu watatu wenye akili katika watu wako, uwafungulie hesabu yako. Wakikusikia kisha wasitende neno, dhambi haikuwa yako peke yako tena.

Nilirudi Dakawa baada ya wiki tatu, nikamwambia maneno haya. Tukakaa nyumbani kwake baada ya Alasiri: imamu wa msikiti, mzee mmoja wa wakulima, na mimi. Alilileta daftari lake. Yeye naye alikuwa na daftari. Akatusomea unga wa kilo 6 kwa siku, deni la mbolea, gharama za maji, na bei niliyompa mimi kwa misimu mitatu, nikiwa nimekaa papo hapo. Hakuna aliyecheka. Imamu akamtafutia mkopo usio na riba katika jamaa za msikiti, na wenye mashamba makubwa wakaahidi kumpa katika zaka ya mavuno. Mimi nilimrudishia tofauti ya bei ya msimu mmoja. Ya misimu miwili ingali shingoni mwangu, nami namwomba Mwenyezi Mungu nisife nikiwa nayo.

Yule kijana wa kamera hakukasirika. Alikwisha kupata nyumba nyingine, mtaa wa pili.

Ewe Mola wetu, tusitiri duniani na siku ya kiyama, utujaalie tuwe ni macho yenye kuona milango iliyofungwa, wala usitujaalie kuwa wateja wa aibu za ndugu zetu. Uwape wenye watoto wengi riziki ya halali na subira, na utupe sisi haya. Amin.

Wabillahi Ttaufiq.